Soksi Juu ya Ruta

Kila asubuhi nyumba ya karani iliamka kwa mpangilio uleule. Baba alikuwa wa kwanza bafuni, Mama wa kwanza jikoni, Bibi wa kwanza kulalamika kwamba hakupata usingizi, na Chapuchapu wa mwisho katika yote. Jina hilo alipewa na Bibi. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili alifanya kila jambo mbiombio, ila baada ya wakati wake kupita. Kazi ya jana aliifanya leo, tena kwa kasi ya kushangaza.

Jumatatu moja aligundua kwamba soksi zake za shule hazijakauka. Alikuwa ameagizwa azifue Jumamosi, naye akazifua Jumapili jioni. Jua lilikuwa halijapanda, pasi ilikuwa mkononi mwa Mama, na kengele ya shule haimngoji mtu. Macho yake yakatua kwenye ruta, kile kisanduku cha kusambazia mtandao wa intaneti nyumbani, kilichokaa juu ya kabati dogo koridoni. Kilikuwa na joto wakati wote, na kilikuwa na antena mbili zilizosimama wima. Soksi mbili, antena mbili! Chapuchapu aliona kwamba jambo hilo lilikuwa limepangwa na Mungu mwenyewe.

Baada ya robo saa soksi zilikuwa zimekauka nusu. Alizivuta kwa haraka, na soksi ya kushoto ikatoka pamoja na antena yake.

Baba alikuwa mezani akinywa chai, hatua sita tu kutoka pale. Mtoto mwingine angekwenda kumwambia, akakemewa, mambo yakaisha. Chapuchapu hakuwa na muda wa kukemewa. Alichukua plasta ya kubandika vidondani, akaifunga antena mahali ilipovunjika, lakini ikainama na kulala ubavu. Basi akachukua mkebe wa bati wa biskuti ambamo Bibi aliweka nyuzi zake, akaumwaga, akaitia ruta ndani, akapitisha nyaya pembeni na kufunika kwa mfuniko.

"Wewe mtoto, unafanya nini na mkebe wangu?" Bibi aliuliza kutoka mlangoni kwake.

"Ninaikinga ruta na vumbi, Bibi."

Hapo alikuwa amegusa penyewe. Bibi hakuwa na adui duniani isipokuwa vumbi. Alikuwa amefuma vitambaa vya kufunika televisheni, redio, jokofu, mtungi wa maji na hata mizani ya jikoni. Katika nyumba ile, kisichokuwa na kitambaa ni binadamu tu. Bibi alimbariki mjukuu wake kwa akili aliyojaliwa, na kabla ya saa sita mchana mkebe ule ulikuwa umevishwa kitambaa chekundu chenye maua, kikaning'inia mpaka chini. Hakuna aliyeona tena kilichomo ndani.

Tangu siku hiyo mtandao ulianza kuchechemea. Baba alipotazama mpira, jirani alishangilia bao kwanza, na Baba akaliona bao hilo wakati jirani amekwisha kwenda kunawa mikono. Mama, aliyeshona magauni ya maharusi, alitumiwa picha za mishono zikafunguka nusu, akajua umbo la mikono bila kujua umbo la kiuno. Jumapili Bibi alipozungumza na shangazi aliyekuwa ng'ambo, sura ya shangazi iliganda kwenye simu huku mdomo wake uko wazi.

"Mwanangu amepatwa na nini?" Bibi alilia. "Jamani, mwanangu hafungi mdomo!"

Baba hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa karani wa ofisi ya ardhi kwa miaka kumi na tisa, na aliamini kwamba hakuna tatizo lisilotibika kwa barua yenye kumbukumbu namba. Akaiandikia kampuni ya mtandao.

Ikumbukwe kwamba siku hizo mtaa wao ulikuwa na vita. Kampuni mbili zilikuwa zimetandaza nyaya zake, na mawakala wake walizunguka nyumba kwa nyumba, hawa wamevaa fulana za kijani, wale za zambarau. Wa kijani wakitangaza kasi ya megabiti hamsini, kesho yake wa zambarau walitangaza mia moja kwa bei ileile. Kila upande uligawa miavuli. Bibi alipokea wa kijani na wa zambarau bila haya yoyote, akasema mvua haichagui kampuni.

Kwa kuwa nyumba ya karani ilikuwa mteja wa kijani, barua ya Baba ilijibiwa haraka. Waliogopa asije akahamia kwa wa zambarau. Wakamwongezea kasi mara mbili, bure. Mtandao haukubadilika. Akaandika barua ya pili, kali zaidi. Wakamwongezea tena. Shangazi aliendelea kuganda.

"Wezi hawa," Baba alisema mezani. "Wanatupa namba tu, kasi hawatupi."

Chapuchapu aliinamia sahani yake. Alikuwa amekwisha kuhisi kwamba yule mkebe ndio mchawi, lakini sasa kosa lilikuwa limekua. Wakati ule lilikuwa antena moja. Leo lilikuwa antena, barua mbili na hasira za watu watatu.

Alhamisi alasiri, ametoka shule na yuko peke yake nyumbani, hodi ikapigwa. Mlangoni alisimama dada mmoja mwembamba mwenye ngazi begani na fulana ya kijani. Alikuwa fundi mpya wa mtaa. Alipima waya ukutani nje, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Hapa kasi imejaa tele, mdogo wangu. Haiwezekani ndani iwe taabu. Hebu nionyeshe ruta."

"Haiwezekani, dada," Chapuchapu alijibu upesi. "Iko karibu na chumba cha Bibi, na Bibi amelala. Akiamshwa hupandwa na presha."

Fundi alikaa kwenye kizingiti, akajifuta jasho. Alionekana mwenye wasiwasi. "Basi mwombe baba yako asiandike tena mpaka nirudi. Kwetu, nyumba moja ikilalamika mara tatu bila tatizo kupatikana, lawama zote ni za fundi wa mtaa. Mimi niko kwenye miezi ya majaribio. Ikija barua ya tatu, nitarudisha fulana na ngazi. Na kazi hii nimeitafuta miaka miwili."

Chapuchapu alimsogelea. Alifungua kinywa aseme, lakini kinywa kile kilichozoea kukimbia siku hiyo kilikataa kwenda. Fundi akaaga. Getini akapishana na Bibi aliyekuwa akitoka dukani na kapu la vitunguu.

"Shikamoo, bibi," fundi alisema kwa adabu.

"Marahaba, mwanangu. Kazi njema."

Kwa bahati, fundi hakujua kwamba amesalimiana na mgonjwa wa presha aliyelala fofofo. Bibi alipoingia aliuliza, "Yule nani?"

"Alikuwa anauliza njia," Chapuchapu alisema. Huo ulikuwa uongo wa tatu, na aliuhesabu mwenyewe.

Usiku huo alijiapiza kumwambia Baba kesho. Kesho yake akasema kesho kutwa. Kumbe Baba naye alikuwa mtu wa chapuchapu kwa upande wa barua, kwani Ijumaa asubuhi barua ya tatu ilikuwa imekwisha kupelekwa, pamoja na nakala kwa meneja.

Jumamosi saa nne sebule ilijaa. Alikuja meneja wa kijani, mwanamume mnene mwenye mkoba, na nyuma yake fundi asiyeinua macho. Wakala wa zambarau naye alikuwa amenusa habari, akajileta mwenyewe na mwavuli mwingine kwa Bibi.

"Mheshimiwa karani," wakala alianza, "sisi tutakupa megabiti mia tatu."

"Nasi mia nne!" meneja akadakia.

"Mia tano, na mwezi mmoja bure!"

"Mia tano, miezi miwili!"

Walinadi namba mpaka Mama akaja na kikombe cha maji kwa kila mmoja. Baba alikohoa, akafungua jalada lake. "Mabwana, namba nimezishiba. Nimeandika barua tatu. Nataka kujua kosa ni la nani."

Meneja aligeuka nyuma. "Kosa ni la fundi, mzee. Kanuni zetu ziko wazi. Dada, vua fulana, acha na ngazi hapo nje. Jumatatu usije."

Dada aliweka begi lake chini. Alianza kufungua vifungo vya fulana ile, chini yake amevaa blauzi iliyopauka, lakini kifungo cha pili kikamshinda. Chapuchapu aliona. Hapo hakukimbia wala hakusita. Alikwenda koridoni, akabeba mkebe na kitambaa chake chekundu mpaka nyaya zikakaza, akasema kwa sauti iliyowafikia wote:

"Msimfukuze. Ni mimi."

Sebule nzima ikahamia koridoni. Baba alinyanyua kitambaa. Akafungua mfuniko. Ndani ilikaa ruta, imetokwa na jasho la joto, antena moja imesimama na nyingine imelala na plasta yake kama majeruhi wa wodini. Chini ya ruta palikuwa na soksi moja, ile ya kushoto iliyosahauliwa humo kwa haraka.

Meneja na wakala walitazamana. Vita vya megabiti mia tano vilikuwa vimeshindwa na mkebe wa biskuti.

Chapuchapu alieleza yote huku machozi yakimtoka: soksi, antena, vumbi, Bibi aliyelala, mtu aliyeuliza njia. Fundi alimgeukia Bibi polepole. "Kumbe wewe ndiye bibi wa presha? Mbona tulisalimiana getini?"

"Presha?" Bibi alishika kiuno. "Mimi? Mimi na vitunguu vyangu?"

Wakala wa zambarau ndiye aliyeanza kucheka, Mama akafuata, na mwishoni hata meneja alilazimika kuushika mkoba wake usidondoke. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa akitazama jalada lenye barua zake tatu, na aibu ilimshika.

Fundi aliitoa ruta mkebeni, akaeleza kwamba bati huzuia mawimbi ya mtandao, akachomoa antena iliyovunjika na kuchomeka nyingine kutoka kwenye begi lake. Ilimchukua dakika tano. Simu ya Bibi ikaita pale pale. Shangazi alitokea akiwa na uso angavu, akazungumza, akacheka na kufunga mdomo, na Bibi akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Fulana ifunge, dada," meneja alisema kwa aibu kidogo. "Nilipaswa kuuliza kabla ya kuhukumu."

"Hata mimi," Baba alisema. "Niliandika mara tatu bila kunyanyua kitambaa mara moja." Kisha akampa Chapuchapu karatasi na kalamu. "Barua ya nne utaiandika wewe. Eleza kila kitu, kwamba fundi hana kosa. Nakala kwa meneja. Na ruta ile ikiwa na gharama yoyote, utailipa kwa kufua nguo za nyumba nzima mwezi huu. Kwa wakati."

Chapuchapu aliandika. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliandika polepole, akafuta, akaandika tena, mpaka kila neno likawa la kweli. Alipomaliza alimpelekea fundi aisome.

"Nisamehe, dada. Niliogopa."

Fundi aliisoma mpaka mwisho, akaikunja na kuitia mfukoni mwa fulana yake ya kijani. Akachuchumaa ili macho yao yalingane.

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize, mdogo wangu. Siku ile ile ungesema, ningekuja na antena mfukoni, tungezicheka soksi zako, nikanywa chai nikaenda zangu. Kosa lako lilikuwa la dakika tano. Uongo ndio uliolifanya la wiki tatu, na nusura nilipe mimi. Ukikosea, sema mapema, maana mficha maradhi, kifo humuumbua. Na ukinyamaza, anayeumia mara nyingi si wewe."

Chapuchapu aliitikia kwa kichwa. Fundi akamshika bega, akachukua ngazi yake, akatoka kwenda nyumba inayofuata, maana Jumamosi hiyo alikuwa na wateja wengine sita waliokuwa wakimngoja.