Spana ya Mzee Amuria

"Ngamia, Ngamia, hapa Kisima."

"Sema, Kisima."

"Mkaa unaelekea majini."

Abigael Amuria hakuuliza mara mbili. Aliingiza redio ndani ya shuka, akapiga teke pikipiki, akachomoka nyuma ya soko la Lodwar huku kuku wakiruka pande zote.

Mkaa ni Bruno, mbeba mizigo wa Anatole. Maji ni mto Turkwel. Na Anatole, mtu wa pasipoti tatu na sura moja mbaya, ndiye aliyekuwa akiingiza bunduki Turkana ndani ya marobota ya mitumba. Miezi minane Abigael, mpelelezi, alikuwa akimfuata.

Bruno alimwona kwenye kioo. Akaongeza moto.

Abigael akaongeza zaidi.

Walipita kanisani, wakapita kwenye mitende, wakashuka ukingoni. Hapo mchanga ukamkamata Bruno. Pikipiki ikalala, naye akalala chini yake, na gunia la makaa likapasuka.

Mdomo wa Beretta ulikuwa tayari sikioni pake.

"Mama, usiniue! Miye sijue kitu!"

"Sijakuuliza kitu bado."

"Anatole alisema nitupe mu maji tu. Mu maji tu, mama, basi!"

Abigael akaingiza mkono kwenye makaa. Akatoa bolti. Nene kama mkono wa mtoto, nati yake imerudishiwa nchani, yenye kutu. Akatoa ya pili. Zikafika saba.

Alizijua.

Turkana haijawahi kuona treni hata moja, lakini ina daraja la reli. Wakoloni walilibomoa huko kusini reli ilipohamishwa, wakalileta kwa malori vipande vipande, wakalitandika juu ya laga ya Nakitoe, mto wa mchanga ulio kati ya Lodwar na Kakuma. Serikali ikaja kujenga jipya la zege pembeni. Lile jipya likakaa miaka miwili, likaondoka na mafuriko ya kwanza. Magari yakarudi kwenye la zamani.

Na nati za daraja hilo ni za kipimo cha zamani. Spana za dukani haziingii. Ukilazimisha, spana inateleza, inatafuna kona, nati inabaki mviringo kama yai.

Nati hizi kona zake zilikuwa kali. Hakuna alama.

Zilifunguliwa kwa spana ya daraja lenyewe.

Spana hiyo ilikuwa moja tu. Abigael aliitazama utoto wake wote. Ilining'inia ukutani kwao, juu ya kitanda cha baba yake, aliyelitunza daraja hilo.

Akabonyeza redio.

"Kisima. Mwanamke yuko wapi?"

Kisima alikuwa Aukot, mkubwa wake, aliyekaa kwenye ofisi yenye feni mjini hapo. "Caritas? Basi limetoka Kakuma saa mbili na nusu. Mahakamani ni saa nane."

"Lisimamishe."

"Dereva hapatikani. Unajua ile barabara haina mtandao."

"Na polisi wa kumsindikiza?"

Aukot akakohoa. "Wewe ndiye ulisema asisindikizwe. Ulisema polisi watamtangaza."

Ni kweli. Alisema.

Caritas alikuwa fundi cherehani, Mrundi wa kambini Kakuma. Ndiye aliyeshona marobota ya Anatole bila kujua kilichomo, mpaka sindano ikagonga chuma. Abigael ndiye aliyemshawishi aseme. Alimwambia, "Utafika Lodwar mzima, dada. Mimi nipo."

Saa tatu kasoro dakika kumi. Alimfunga Bruno pingu kwenye mtende na kuita askari wa kumchukua. Akarudisha bolti ndani ya gunia, akafunga mpasuko kwa kamba, akaondoka na makaa ya watu.

Kilomita arobaini. Hakugusa breki.

Kabla ya kona ya mwisho alizima pikipiki, akapanda jiwe, akatoa darubini ya Nikon.

Ng'ambo ya laga, upande wa Kakuma, palikuwa na kilima. Juu ya kilima, mwavuli mweusi. Chini ya mwavuli, Anatole na AK-47 magotini. Anasubiri kama mtu aliyelipia sinema.

Abigael akivuka kwenda kulizuia basi, Anatole ataona. Basi likisimama, atapiga risasi. Watu thelathini na mmoja humo ndani.

Basi lazima lipite. Na daraja lazima lishike.

Akavaa shuka vizuri, akajitwika gunia kichwani, akashuka kwenye mchanga wa laga akitembea polepole. Mwanamke wa makaa. Nani anamtazama mwanamke wa makaa?

Anatole hakumtazama.

Chini ya daraja, kivulini, alikaa mzee juu ya kigoda chake kidogo cha mbao. Spana ilikuwa mapajani.

"Ejok, baba."

Mzee Amuria hakushtuka. "Ejok-noi. Umechelewa kuja kunisalimia. Mwaka mzima."

"Simama, baba. Kuna basi."

"Basi gani? Daraja limefungwa. Yule mgeni ameniambia serikali imeliuza chuma chakavu. Jumatatu wanakuja na gesi kulikatakata." Akasugua spana kwa kiganja. "Nikaona bora nilivue nguo mimi mwenyewe. Mimi ndiye nililivalisha."

"Halijafungwa. Basi liko njiani. Ndani kuna mwanamke niliyemwahidi uzima."

Akamwaga gunia. Mzee akazitazama bolti kama mtu anayerudishiwa watoto.

"Saba," Abigael akasema. "Matundu ni manane."

Mzee akapeleka mkono kiunoni, ndani ya shuka, akatoa ya nane.

"Hii nilitaka nizikwe nayo."

"Utazikwa bila hiyo. Leta."

Wakafanya kazi. Yeye akiingiza, mzee akikaza. Mikono ya mzee hutetemeka kwenye kikombe cha chai, lakini kwenye nati haikutetemeka. Ya tatu. Ya tano. Jasho likaingia machoni.

"Serikali ilikufanya nini, baba, mpaka ukawa hivi?"

"Barua ya kustaafu. Miaka ishirini na tisa, halafu karatasi moja. Unajua imeanzaje? 'Kwa Bi. Maria.'" Akavuta spana kwa nguvu. "Amuria hawakuweza. Lodwar nzima wananiita Mama Maria."

Ya saba.

Mlio wa injini ukasikika mbali.

Ya nane ikakataa. Kutu. Abigael akaning'inia kwenye mpini wa spana, baba yake akamshika kiunoni, uzito wa wawili ukawa mmoja.

Krrk.

Basi likapanda juu ya vichwa vyao. Vumbi likashuka. Chuma kikalia, kikanyoosha mgongo, kikanyamaza.

Likapita.

Lilipopanda ukingo, dirishani Abigael aliona kitambaa cha kichwa cha kijani. Caritas alikuwa amesinzia.

Juu ya kilima mwavuli ukaanguka. Anatole alishuka mbio, bunduki mkononi, kuja kuona kwa nini daraja halikuanguka. Alipoinama chini ya daraja, Beretta ilikuwa ikimngoja nyuma ya nguzo.

"Weka chini. Polepole."

Akaiweka. Akamtazama toka miguuni. "Mama makaa!"

"Mwenyewe."

Anatole akamgeukia mzee. "Tulikubaliana, mzee."

"Uliniambia limefungwa!"

Anatole akacheka. Alicheka vizuri, kama mtu asiyeelekezewa bastola. "Limefungwa? Alfajiri ulitoa bolti tano, lori la saruji likapita, daraja likalia mpaka mbwa wakabweka. Nilikuwa hapa. Ukakaa ukangoja lipite. Halafu ukatoa tatu zilizobaki."

"Baba?"

Mzee Amuria alitazama mchanga.

"Baba, uliliona hilo lori?"

"Nilikuwa na hasira," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilitaka lianguke siku moja, waulize, nani alikuwa analishika hili?"

Abigael alimfunga Anatole pingu. Hizo ndizo alizobaki nazo. Akafungua kamba ya gunia la makaa.

Mzee alinyoosha mikono kabla hajaambiwa.

"Usikaze sana," akasema. "Wa kulia unauma kidogo."

Hakukaza sana.

Landcruiser ya polisi aliyoiita ilipokuja, redio ikalia.

"Ngamia, hapa Kisima. Basi limeonekana njiani, salama. Kazi nzuri. Aliyefungua bolti ni nani?"

Abigael alimtazama baba yake akipandishwa nyuma ya gari, kivulini, karibu na mtu aliyemdanganya nusu tu. Angeweza kusema hajulikani. Mdomo ulikuwa umeshaanza.

Akakumbuka kitambaa cha kijani.

"Andika," akasema. "Amuria Ejore. Mlinzi wa daraja."

"Ngamia... huyo si baba ya—"

"Andika vizuri. A, M, U, R, I, A. Safari hii msimwandike Maria."

Akazima redio. Akaokota spana, akaiweka begani, akaenda kuchukua pikipiki yake.

Hakugeuka.