Betri ya Kobe

Haya, sogeeni karibu niwatege. Ninaye mzee nyumbani: hana meno lakini anakunywa, hana miguu lakini anatembea, na asubuhi haondoki mpaka akohoe mtaa mzima umsikie. Nani huyo? Mmeshindwa? Nipeni mji basi. Nimeupokea, nimekula, nimeshiba, sasa nawarudishia. Mzee huyo ni gari kuukuu.

Na gari lenyewe lilikuwa limesimama uani, boneti wazi, fundi wa magari amezamisha kichwa ndani kama mtu anayetafuta pete kisimani.

"Shemeji, hili gari limefika umri wa kuoa," alisema, akajichekea mwenyewe. Mtaa mzima ulimwita Bisibisi, maana hata msibani alikwenda na bisibisi sikioni.

"Lioze basi. Mwenye kulitaka anakuja leo jioni."

Aliyejibu ni mshonaji, mwenye gari. Alisimama mbali nalo, mikono kifuani, kama mtu anayemtazama mbwa aliyewahi kumng'ata. Gari lilikuwa dogo, la milango mitano, mgongo wa mviringo. Ndiyo maana watu walilipa jina la Kobe. Alilinunua yeye, kwa kuuza cherehani yake ya pili. Mumewe, mpiga picha wa harusi, alitaka wasubiri wapate la maana. Mshonaji akabishana naye mpaka akashinda.

Kisha ikaja alfajiri ile. Uchungu wa kuzaa ulimshika, wakaingia garini, Kobe akagoma. Mumewe alizungusha ufunguo, tik, tik, tik. Akafungua boneti, akaifunga, akarudi kuzungusha ufunguo. Jirani alikimbia mpaka barabara kuu kutafuta gari la kukodi, na lilipopatikana kulikuwa kumekucha. Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia. Daktari alisema maneno machache tu: "Mngewahi kidogo."

Maneno hayo mama mkwe aliyafanya wimbo.

"Mwanangu alikukataza kununua hilo kopo," alikuwa akisema, hata mbele ya wageni. "Wewe na kichwa chako kigumu. Haya, umeona."

Na mumewe alikuwa papo hapo, anafuta lenzi ya kamera kwa kitambaa, kimya.

Tangu siku hiyo mshonaji hajakaa ndani ya Kobe. Mumewe ndiye aliyelitumia, kubebea taa na miguu ya kamera. Leo alikuwa amefuatwa na gari la wenye harusi, na mshonaji akaona ndiyo siku ya kulitoa gari machoni pake.

"Mwambie mnunuzi asitishwe na umri," Bisibisi aliendelea. "Mikanda mizima, maji hayavuji. Na betri hii bado ngangari. Ndiyo maana msusi alinuna nilipoing'oa kwake."

"Msusi gani?"

"Huyu wa saluni ya kona. Si ana gari pacha na hili?"

"Betri yangu ilikwenda kufanya nini kwa msusi?"

Bisibisi akainua kichwa, akakigonga kwenye boneti. "Shemeji, si mlimuazima?"

"Lini?"

"Aa... mambo ya zamani hayo."

"Bisibisi. Lini?"

Akaitoa bisibisi sikioni, akaanza kuifuta ingawa haikuwa chafu. "Jioni moja mumeo alinipigia niende saluni. Gari la msusi limekufa betri, na kesho yake asubuhi ana bibi harusi wa kumremba nje ya mji. Mumeo akaniambia, 'Ng'oa ya Kobe mpe huyu, hiyo mbovu niwekee mimi.' Nikafanya. Nikamwamsha Kobe kwa waya, kwa moto wa gari jingine, nikamwonya: 'Bwana Picha, ukilizima halitawaka tena. Na hili ni otomatiki, hata mkilisukuma mpaka mbinguni haliwaki.' Akasema anajua, kesho hana safari."

"Ukairudisha lini?"

"Kesho yake jioni. Nilipofika hapa nikakuta watu wamejaa, viti mpaka barabarani. Nikaifunga kimyakimya, nikaingia kukupa pole." Sauti ikamshuka. "Mimi nilisikia mtoto amefia hospitali. Habari ya gari kugoma sikuisikia, haki ya nani tena. Nilijua unajua, shemeji."

Mshonaji hakulia. Aliishika nguzo ya kamba ya nguo, akasema polepole, "Funga boneti uende nyumbani kwako."

Akampigia mumewe. Upande wa pili muziki ulikuwa unapasua masikio.

"Sema haraka, mke wangu, maharusi wanaingia."

"Alfajiri ile, betri ya Kobe ilikuwa wapi?"

Muziki uliendelea.

"Betri gani?"

"Nyumbani kwetu kuna gari moja. Una betri ngapi unazochagua?"

"Sikusikii, kuna kelele. Nitakupigia."

Simu ikakatika. Muda si muda ukaingia ujumbe:

"Nani amekuja hapo? Usiongee na mtu yeyote. Nakuja tuyamalize wenyewe."

Aliusoma mara mbili. Mtu asiyejua angeuliza betri imefanya nini. Huyu anauliza nani amekuja.

Akachukua ufunguo msumarini. Kiti cha Kobe kilikuwa kimerudishwa nyuma kwa miguu mirefu ya mumewe. Akakivuta mbele, akajilazimisha kupumua. Kiti cha pembeni, alichokalia alfajiri ile akikwaruza mlango kwa kucha, hakukitazama. Akazungusha ufunguo. Kobe akakohoa mara moja, akawaka. Mara moja tu! Hapo ndipo machozi yalipomtoka, akaendesha nayo hivyo hivyo mpaka kona.

Saluni haikuwa na mteja. Msusi alikuwa anachambua nywele za bandia, na alipoona Kobe limesimama mlangoni alitabasamu, kisha akaona nani aliyeshuka, tabasamu likafa.

"Shoga, karibu. Leo umeendesha mwenyewe?"

"Nimekuja kuuliza, sikuja kupigana. Mikono yangu ni ya kazi."

Msusi akaweka nywele chini. "Uliza."

"Wewe na mume wangu mna nini?"

Feni ilizunguka. Msusi alitazama gauni alilovaa, ambalo mshonaji ndiye aliyemshonea. "Tulikuwa na jambo. Sitakudanganya nikiwa ndani ya nguo yako. Liliisha baada ya msiba wako. Alikuwa akinitazama kama ameona mzimu, akaacha kuja."

"Na betri?"

"Betri?" Msusi akakunja uso. "Ah, ile. Aliniazima ya gari lenu. Aliniambia mnayo nyingine mpya nyumbani, bado iko kwenye boksi, mlikuwa mnataka kubadilisha."

"Hatukuwa nayo. Alinipakia kwenye gari lenye betri yako mbovu. Halikuwaka. Mtoto wangu alikufa tukisubiri gari la kukodi."

Msusi alikaa kitako kwenye kiti cha wateja, polepole, kama bibi kizee. "Mimi niliambiwa mtoto... kwamba alifia tumboni tangu usiku. Yeye mwenyewe aliniambia."

"Amekuambia uongo. Sasa nijibu jingine. Usiku ule simu yako ilikuwa wazi?"

"Sizimi simu mimi. Maharusi hunipigia saa zozote."

"Na gari lako lilikuwa wapi?"

"Hapo nje, nami hulala chumba cha nyuma hapa hapa. Niliondoka jua likiwa limeshachomoza."

"Lilikuwa linawaka?"

Msusi aliona swali linakokwenda, na macho yake yakajaa. "Lilikuwa linawaka. Kwa betri yako."

"Alikupigia?"

"Hakupiga."

"Kutoka hapa mpaka kwangu..."

"Usiniulize hilo, shoga." Akajifunika uso kwa viganja. "Ningefika kabla hujavaa viatu. Ningekuja na nguo ya kulalia. Ungenitukana njia nzima, lakini ningekufikisha."

Mshonaji alimtazama akilia. Alitaka kumchukia, akatafuta chuki, akaikuta imekwenda kukaa kwingine. Akatoka.

Nyumbani mama mkwe alikuwa kibarazani anachagua mchele. Alimwona mkwewe analaza viti vya nyuma vya Kobe, anabeba cherehani, anaiingiza kwenye buti akiivuta kwa kanga. Kisha furushi la vitambaa. Kisha sanduku la nguo.

"Unampa mnunuzi na cherehani kama zawadi?"

"Siuzi tena, mama." Alikuwa amekwisha kumwandikia mnunuzi: "Samahani kwa usumbufu. Gari haliuzwi. Halina kosa."

"Hilo kopo bado unaliganda? Baada ya yote?"

"Mwanao akija, mama, usiingie ndani. Kaa hapo hapo usikie."

Mpiga picha alifika akitweta, kamera shingoni, tai imepinda. Aliona buti lililojaa, akaona mama yake na sinia la mchele, akajua hapa hakuna chumba cha kufungia mlango.

"Mke wangu, tuingie ndani."

"Ndani kuna joto."

"Mama, tupishe kidogo."

"Nimeambiwa nikae," mama mkwe alisema. "Kuna nini?"

"Bisibisi ni mropokaji," mumewe alianza. "Kuhusu huyo mwanamke, nilikosa. Nakiri. Shetani alinipitia. Lakini yamekwisha, muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza."

Akailegeza tai. "Na betri ilikuwa ya kuazima usiku mmoja tu! Tarehe yako ilikuwa bado. Nani angejua utashikwa usiku ule? Ilikuwa bahati mbaya."

"Betri gani?" aliuliza mama mkwe. Mikono yake ikaacha kuchagua mchele.

"Hiyo naweza kuiita bahati mbaya," mshonaji alisema. "Ulimpa mwanamke wako betri, uchungu ukanishika kabla ya siku zake. Sawa. Lakini ulipozungusha ufunguo, ulikuwa unajua haliwaki."

"Nilikuwa nimechanganyikiwa..."

"Ulijua. Ukafungua boneti, ukatazama betri unayoijua kuwa maiti, ukafunga. Ukarudi ukazungusha tena. Na kona ile pale kulikuwa na gari zima, na simu ilikuwa mfukoni mwako. Kwa nini hukumpigia?"

"Tutaongea ukitulia."

"Nimetulia. Sijawahi kutulia hivi. Kwa nini hukumpigia?"

"Unataka nini? Nipige magoti? Napiga magoti!" Akapiga kweli, hapo uani, suruali ya harusi kwenye vumbi. "Nitakununulia gari jipya. Tutapata mtoto mwingine. Nimekuwa nikifa kila siku, huoni silali?"

"Nilikuona. Nilidhani unaomboleza, nikakuonea huruma. Mama yako akisema mimi na kichwa changu kigumu ndio tumemuua mtoto, nami niliamini. Nilikuwa nikishona nguo za watoto wa wenzangu naomba msamaha moyoni kwa kila mshono. Wewe ulikuwa hapo, unafuta lenzi."

Sinia la mchele likaanguka. Mama mkwe alisimama, akashika ukuta.

"Mwanangu," alisema, "nilikuwa nikimtukana mwenzio, wewe ukinisikiliza tu?"

"Mama, tafadhali."

"Mjibu mkeo."

Mshonaji alifungua mlango wa dereva. Hakuingia. "Sitakusumbua kwa mahakama wala kwa wazee. Nakwenda kwa dada yangu, ananisubiri. Nijibu hilo moja, na sitakuuliza jingine maisha yangu yote. Gari lilikuwepo, simu ilikuwepo. Kwa nini hukumpigia?"

Mumewe alibaki magotini, kamera ikining'inia, akitazama kile kiti cha pembeni kupitia mlango uliofunguliwa. Alipokuja kusema, sauti ilimtoka ndogo, kama ya mtu anayesemea ndani ya debe.

"Kwa sababu ulikuwa umekaa pembeni yangu."