Alhamisi Iliyopotea Barazani

Mwantumu alikalia boksi la watu. Stendi ya Kibiti siku ile haikuwa na pa kukaa. Mabasi ya kusini yalikuwa yanaingia na kutoka, wauza korosho wanakimbilia madirishani, na viatu vyake vipya vilikuwa vinambana. Akaona boksi, akaketi, akakunja baibui lake na kuanza kujipepea kwa ncha ya mtandio wa zambarau.

"Dada, inuka taratibu," sauti ikamwambia kutoka nyuma. "Hapo umekalia mali ya akina mama wa kaa."

Aligeuka akamwona kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na macho ya mtu aliyezoea kucheka peke yake. Ndani mlikuwa na kompyuta, akaeleza, inapelekwa kwa kikundi cha akina mama wanaonenepesha kaa Maparoni. Mwantumu ndiye aliyekuwa karani wa kikundi hicho hapo Kibiti.

"Kumbe ndiye wewe," kijana akasema. "Mimi Hemedy. Ungengoja basi niifungue kwanza, ndiyo uikalie."

"Ningejua ni yetu ningejilaza kabisa," Mwantumu akamjibu, na yakaanzia hapo.

Kikundi kilikuwa kimechoshwa na magrupu ya simu. Oda za kaa zilichanganyika na salamu za Ijumaa na picha za harusi, na wanunuzi waliingizwa na nani sijui, wakawa wanasoma bei kabla wenyewe hawajakubaliana. Hemedy, mzaliwa wa Chumbi aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, aliwaletea programu ya mazungumzo ambayo haina mwenyewe. Yeyote anaichukua bure na kuiweka kwenye mashine yake. Mashine ikawekwa chumba cha nyuma cha duka la vifaa la Bi Tasneem, pamoja na betri ya sola. Wakaiita Baraza. Ilikuwa na chumba cha boti, chumba cha bei, na faragha ya watu wawili wawili.

Bi Mashavu, mwenyekiti, hakuelewa kwa nini mtu ajenge wakati kuna pa kukaa bure. Hemedy akamwambia nyumba ya mtu mwingine, mwenyewe ana ufunguo wake.

"Na huu ufunguo anao nani?"

"Ninao mimi."

Bi Mashavu aliguna tu. Mwantumu alilisikia lile neno akacheka, maana wakati huo kila asemalo Hemedy lilikuwa tamu.

Faragha yao ilijaa upesi. Hemedy alimwita karani wa moyo, naye akamwita fundi asiye na kazi. Asubuhi salamu, mchana utani, jioni simu ndefu mpaka shangazi yake Mwantumu, Bi Salima, anauliza kama masikio nayo huwa hayachoki. Hapo ndipo, Jumatano moja ya masika, Hemedy alipoandika bila utani: "Mwantumu, nimtume mshenga kwa shangazi?"

Usiku ule Mwantumu hakulala. Alijigeuza mpaka kanga ikamzonga shingoni. Alhamisi asubuhi, alipofika ofisini, aliandika kwanza kwenye chumba cha boti kwamba nahodha Shaabani apitie kaa wa Maparoni Jumamosi. Kisha akaingia faragha, akaandika: "Mshenga na aje." Akaiweka simu kifudifudi, akaitazama kama inayotaka kumng'ata.

Hemedy hakujibu. Alikuwa visiwani akiwawekea akina mama programu, na huko mtandao hushika na kuachia. Mchana radi ikapiga, Baraza likazimika. Hemedy akarudi kulitengeneza, na siku ya pili jioni likawaka na tangazo lake kwa wote: Baraza limepona, kila kitu kipo salama.

Mwantumu alifungua faragha yao kwa pupa. Swali la mshenga lilikuwepo. Jibu lake halikuwepo. Akafunga, akafungua. Simu huonyesha kilichomo kwenye mashine tu, na mashine ina ufunguo mmoja, na ufunguo anao mtu mmoja. Amelisoma, akajisemea, akajuta kuuliza, akalifuta. Aliona aibu kama mtu aliyevuliwa mtandio sokoni.

Angemuuliza, utasema. Lakini huku kwetu mwanamke aliyekubali hakubali mara mbili, atasemwa ana haraka. Na mwanamume aliyeuliza habari ya mshenga haulizi tena, kwa sababu kimya ni kukataa kwa kiungwana. Basi naye Hemedy, aliyekuta swali lake linaning'inia peke yake, akameza mate na kujikalia. Wawili hawa walikuwa wamezama kwenye heshima mpaka shingoni.

Mwantumu hakutulia. Alifagia ofisi iliyokwisha kufagiwa. Alitoka barabarani, akavuka mpaka duka la Bi Tasneem, akageuka kabla ya mlango. Jumapili Hemedy alimpigia simu ya kazi. Mwantumu aliongea naye kama mtu wa benki, na Hemedy akakata bila kumwita karani wa chochote.

Jumatatu Bi Mashavu aliingia ofisini na tenga. Harufu ilimtangulia. Boti haikuja Jumamosi, kaa walingoja kwenye jua mpaka wakafa, na mama mmoja aliyewategemea kwa posho ya mtoto wa sekondari analia tangu jana.

Mwantumu aliapa kwamba aliandika Alhamisi. Bi Mashavu akatoa simu yake, akafungua chumba cha boti. Alhamisi hapakuwa na kitu.

"Fundi alisema kila kitu kipo salama," Bi Mashavu akasema polepole. "Kwa hiyo ama fundi ni mwongo, ama karani. Nichagulie."

Akina mama watatu waliokuja naye walikuwa wamesimama mlangoni. Bi Mashavu hakungoja jibu. Akampigia Hemedy aliyekuwa Nyamisati, akaweka spika, akaiweka simu mezani karibu na tenga.

"Mwanangu, radi ile ilichukua kitu?"

Kulikuwa na kelele za injini za boti.

"Bi Mashavu, nani anatuhumiwa?"

"Karani wangu. Anasema aliandika."

"Kama anasema aliandika, aliandika." Sauti ilikuwa imekauka. "Diski iliungua. Nilirudisha nakala ya akiba ya Jumatano usiku. Alhamisi nzima ilipotea, ya kila mtu. Niliona mkijua mtalitupa Baraza na mimi nyuma yake, nikaficha. Kaa wale nitawalipa mimi."

Mwantumu alishika ukingo wa meza. Alhamisi nzima. Ya kila mtu. Akaona damu inamrudi usoni.

"Mwantumu yupo hapo?" simu ikauliza.

"Yupo," akina mama wakajibu kwa pamoja.

"Mwantumu, Alhamisi... kuna kingine uliandika?"

Aliinyakua simu, akazima spika, akatoka nayo nje mpaka kwenye ukuta wa duka la Bi Tasneem, ambao nyuma yake mashine ya Baraza ilikuwa inanguruma.

"Ulidhani nimekunyamazia?" akanong'ona.

"Nilidhani umenikataa kwa adabu."

"Na mimi nilidhani umelisoma jibu langu ukalifuta."

"Ulisema nini, roho yangu? Niambie."

"Mwanamke hasemi mara mbili, Hemedy. Ulilipoteza mwenyewe, litafute mwenyewe."

Akakata. Aliporudi ndani alikuwa anacheka na kulia, na Bi Mashavu alimtazama, akatazama tenga, akasema kuanzia leo ufunguo wa pili wa Baraza atakaa nao karani. Kisha akaomba msamaha, jambo ambalo wenzake hawakuwahi kulisikia.

Siku mbili hazikupita nahodha Shaabani akaonekana kwenye uchochoro wa Bi Salima. Alikuwa amevaa kanzu inayomvuta mabegani na viatu vya ngozi, anatembea kwa mashaka kama watu wa boti watembeavyo nchi kavu. Akabisha hodi.

Mwantumu alimwona kupitia dirishani. Simu ilikuwa mkononi, na Hemedy alikuwa ameandika faraghani: "Mshenga wangu amekosea nyumba?"

Hakuandika kitu. Aliiweka simu chini, akaenda ukutani, akautoa mkeka mpya wa ukili, ule ambao shangazi alikuwa anauhifadhi, na kumtandikia mgeni.