Fremu ya Pikipiki ya Bwana Mifugo

Elisha wa Miyuji, Dodoma, huamka mapema na kumwagilia mizabibu yake. Kisha humtoa nje baba yake, Mzee Petro, aote jua. Zamani mzee huyu alikuwa bwana mifugo huko Kondoa, akizunguka vijijini kwa pikipiki nyekundu. Sasa miguu imechoka. Hata kanisani haendi tena.

Siku moja Elisha alisikia kwamba pikipiki ile bado ipo. Ilikuwa Kondoa, kwa Mzee Swalihu, mwenye duka la nafaka, aliyeinunua kutoka kwa Mzee Petro.

"Baba, naenda kuinunua," alisema. "Jumapili nakupeleka kanisani kwa pikipiki yako mwenyewe."

Mzee Petro aligeuzia uso pembeni. Elisha alidhani ni furaha.

Kesho yake alipanda basi la Kondoa. Mzee Swalihu alimpokea vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hiyo, inawaka vizuri tu."

Kwenye tangi bado lilisomeka jina la baba yake, limeandikwa kwa rangi nyeupe. Elisha akahisi machozi. Mtu mzima na ndevu zake, analia mbele ya tangi la mafuta! Akavaa kofia ngumu, akawasha.

"Kaka, hebu subiri kwanza."

Aliyesema alikuwa Khairat, fundi pikipiki mwenye karakana jirani na duka. "Unaenda nayo wapi?"

"Dodoma. Jumapili nitambeba baba yangu."

"Fremu umeikagua?"

"Ya nini, dada? Pikipiki hii naijua tangu utoto. Jina la baba hili hapa."

Khairat alicheka. "Tangi linafungwa kwa bolti tu. Nalihamishia kwenye pikipiki nyingine kabla chai yako haijapoa. Fremu ndiyo mifupa. Zima, tuangalie."

Elisha alizima, lakini alinuna.

Khairat alianzia shingoni, pale usukani unapoingia kwenye fremu. Alifuta vumbi, ikaonekana namba iliyogongwa kwenye chuma. "Linganisha na kadi ya usajili. Angalia pia kama imekwanguliwa, au kama herufi zimepinda."

Namba ililingana. "Si nilikuambia?" alisema Elisha.

"Namba inakuambia fremu ni ya nani. Haikuambii kama imekatwa."

Alileta kitabu cha zamani chenye picha ya aina ile ya pikipiki. Kwenye picha, fremu iliishia juu ya gurudumu la nyuma. Hii ya kwao ilipita gurudumu kwa kiganja kizima. Kisha akatoa sumaku ya spika ya redio, akampa Elisha.

"Ipitishe mwenyewe kwenye bomba la fremu, taratibu."

Sumaku ilinasa. Ilipofika chini ya kiti, ikaachia. Elisha alirudia, ikaachia tena palepale.

"Hapo juu ya chuma kuna puti nene, lile tope la kuzibia mabonde kabla ya rangi; sumaku hailinasi," alisema Khairat. "Mtu alikuwa anaficha kitu."

Alisugua kwa msasa. Rangi ikatoka, puti ikatoka, likabaki kovu la kuchomelea, nene na lenye matuta. Bomba lililoungwa lilikuwa jembamba, bomba la maji. Pembeni ya kovu palikuwa na ufa mwembamba.

"Hapa ingekatika," alisema Khairat. "Na anayekaa hapa juu ni baba yako."

Elisha alimpigia simu baba yake, akamweleza.

"Mimi ndiye niliyeikata," alisema Mzee Petro. "Nilitaka nafasi ya kubeba ndama wagonjwa. Mtu akaniungia bomba, tukapaka puti na rangi. Nikamuuzia Swalihu bila kumwambia. Niliona aibu hata kukuambia wewe. Usiipande, mwanangu. Nipe Swalihu niongee naye."

Mzee Swalihu alisikiliza, kisha akaketi juu ya gunia la mtama. "Petro," alisema polepole, "nimembeba mke wangu juu ya pikipiki hii kwa miaka tisa." Akasikiliza tena. Mwishowe akasema, "Basi. Nimekusamehe. Umesema mwenyewe."

Jumapili ile hawakwenda kanisani. Elisha alitaka fremu ichomelewe upya, lakini Khairat alikataa; mfupa ule haukuwa wa kuaminika tena. Alitafuta fremu nzima ya aina ileile. Safari hii Elisha ndiye aliyeikagua: namba na hati za muuzaji, picha ya kitabuni, sumaku, kisha maungio ya kushoto na ya kulia, kama yanafanana. Ile ya zamani waliikata vipande ili mtu mwingine asije akaifunga. Kwa kuwa namba ya fremu ilikuwa imebadilika, Elisha aliipeleka pikipiki ikaguliwe na kusajiliwa kabla ya kuiingiza barabarani.

Mwezi uliofuata Mzee Petro alifika kanisani amemshika mwanawe kiunoni. Baada ya ibada watu waliizunguka pikipiki, wakaisifu. Mzee akawakatiza.

"Msiisifu. Niliwahi kuikata fremu yake, kidogo niue watu. Ninyi mliorefusha zenu mbebe mizigo, mmezikagua?"

Akaitoa sumaku mfukoni.

Zablon, aliyekuwa ameshampakia mkewe na mtoto kwenye pikipiki yake ndefu, aliipokea. Aliinama, akaipitisha chini ya kiti. Ikaachia. Zablon alimtazama mtoto wake, akawashusha wote wawili. Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye akiikokota pikipiki, mkewe na mtoto kando yake.