Orvenda ya Tatu, Orvenda ya Tano

Siku ya mnada pale Bunda, katikati ya kelele za banda la mafundi simu, Nyamburi aliitua mezani mashine yake ya gemu, gauni la kitenge cha manjano limemganda mgongoni kwa jasho. Fundi, kijana mrefu aliyevaa shati jeupe kana kwamba hajui kazi yake ni ya vumbi, akachungulia diski iliyokuwemo.

"Orvenda ya Tatu? Dada, bado unachezaga hii? Wenzio tuko ya Tano."

"Ya Tano ya watoto. Mwenzako akifa unamfufua! Ya Tatu ukimwacha mwenzako njiani, umemkosa moja kwa moja."

"Maisha yanibane, na gemu nayo inibane? Ya Tano inasamehe, bwana."

Huyo ndiye Baltazari. Ubishi ukahamia kwenye simu, Nyamburi akiwa kwenye duka lake la dawa, Iringo, mjini Musoma, mpaka "dada" ikageuka "mpenzi".

"Nikikuoa naifuta hiyo ya Tatu yako," alimtania.

"Thubutu uone!" Humo mlihifadhiwa safari yake ya miaka minne ya kucheza.

Mwaka haujaisha, mashine ikagoma tena, akaituma Bunda. Wiki hiyohiyo Baltazari alikuwa ameahidi barua ya posa. Alhamisi mashine ikarudi na basi, juu yake bahasha ya kaki, imegundishwa, haina jina. Akajua ndiyo posa yenyewe. Binti hafungui barua ya posa yake, basi akaituma vilevile kwao Butiama kwa shangazi yake, ifunguliwe Jumapili mbele ya wazee.

Kisha akawasha mashine. Safari yake haikuwemo. Hata hatua moja!

Kumbe hakuwa anatania. Nyamburi akaifungia namba ya Baltazari na kulia mpaka macho yakavimba. Gemu ni gemu, lakini mtu anayekufutia unachokipenda utaishi naye vipi? Akaamua kumwambia shangazi airudishe ile barua.

Jumapili shangazi akawahi kupiga.

"Nyamburi, huyu mtu wako ni mzima kweli? Wazee saba tumekaa, tumefungua, barua hakuna! Kuna kidude kama ukucha, kimeandikwa 'Ya Tatu'. Baba yako mkubwa anauliza, posa ya kwanza na ya pili alipelekaga wapi?"

Nyamburi akakaa sakafuni. Memori kadi! Akaifungua namba ya Baltazari, akapiga.

"Balta, uliweka kadi kwenye bahasha?"

"Siku tatu, Nyamburi! Diski ya ndani ya mashine ilikuwa inakufa, nikahamishia safari yako yote kwenye kadi. Napiga nikwambie, umenifungia."

"Na barua?"

"Ninayo mfukoni. Niliogopa kuipeleka kwenu wakati wewe hupokei simu. Leo nimeshindwa, niko Nyamuswa napanda bodaboda, naenda kwenu Butiama kuuliza kosa langu."

Nyamburi alicheka huku analia, kifua chepesi kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Kosa ni langu, mpenzi. Nenda, wazee bado wamekaa."

Baada ya saa nzima, shangazi akapiga tena. Nyuma yake vigelegele, halafu sauti ya Baltazari, ya chinichini:

"Wanaisoma. Haya sema sasa, ya Tatu au ya Tano?"

Nyamburi akafuta machozi kwa upindo wa kitenge. Kwa ya Tatu, angekuwa ameshamkosa.

"Ya Tano," alisema. "Ila kadi yangu uje nayo."