Chumba Kidogo Ndani ya Sikio la Tusekile

Sogeeni. Sogeeni tena, mkeka hauumi mtu.

Wewe mwenye karanga mdomoni, tafuna umalize. Wewe unayemfinya mwenzako, mikono magotini.

Sasa kimya. Kimya cha kweli. Bado kuna mtu anapumua kama ng'ombe... Haya. Hapo sawa.

Huko Tukuyu, ambako mvua haijui kuchoka, palikuwa na mtoto anaitwa Tusekile. Miaka yake sita. Meno ya mbele hana, mafua anayo.

Mafua kweli kweli! Pua ilikuwa inakwenda srii, srii, kutwa nzima.

Na masikio je? Sikio la kulia, ndi! Sikio la kushoto, ndi!

Sauti za watu zilimfikia kwa mbali, kama vile watu wote wameingia chini ya blanketi.

Sasa sikilizeni. Jikoni kwa Bibi, nyuma ya gunia la mahindi, kulikuwa na kuku. Jina lake Kishingo, maana shingoni hakuwa na hata unyoya mmoja. Kishingo alikuwa analalia mayai matatu.

Na Bibi alikuwa na desturi yake. Kifaranga ni wa yule atakayemsikia akilia akiwa bado ndani ya yai.

Si kumwona. Kumsikia! Na ukisema umesikia, lazima useme amesemaje.

Gwakisa, mjukuu mkubwa, akaweka yai la kwanza sikioni. "Piyo! Amesema piyo! Huyu wangu!"

Bupe, dada yake Gwakisa, akaweka yai la pili sikioni. "Wangu amesema piyo-piyo-piyo. Huyu ana haraka."

Likabaki yai moja. Lilikuwa na doa, kama tone la chai.

Tusekile hakuwahi kuwa na kuku wake mwenyewe. Hata siku moja. Alilitaka yai lile mpaka vidole vya miguu vikamwasha.

"Zamu yako, mke mwenzangu," Bibi akasema. Bibi alimwita hivyo kwa utani, kwa sababu Babu, alisema, ni mume wao wote wawili. "Lakini maharage yakiiva hujasikia kitu, zamu inakwenda kwa Gwakisa."

Maharage yalikuwa motoni. Tok, tok, tok.

Tusekile akaweka yai sikioni. Kulia, ndi! Kushoto, ndi!

Gwakisa akasukuma kuni ndani. Moto ukawaka, buu!

"Unachochea nini wewe?" Bupe akamuuliza.

"Namsaidia Bibi," akajibu Gwakisa, macho juu kama malaika.

Maharage yakaongeza mwendo. Tok-tok-tok-tok.

Tusekile akaogopa. Akaona bora adanganye. "Nimesikia!"

"Amesemaje?"

Tusekile akafikiri. Akafikiri tena. "Amesema... ko-ko-ko-kooo!"

Bupe akaanguka chini kwa kicheko. "Hilo yai lina mama mtu mzima! Amevaa na kitenge humo ndani!"

Tusekile akainamisha kichwa. Chozi likashuka, likakutana na kamasi, vikashuka pamoja.

Bibi akamsogelea. "Tangu asubuhi nakuita huitiki. Nikadhani una kiburi. Kumbe masikio yameziba?"

"Naam?" akasema Tusekile.

"Yameziba," Bibi akasema.

"Mimi najua dawa!" Gwakisa akaruka. Akamchomoa Kishingo unyoya wa mkia. Kwaak! "Leta sikio nikuzibue!"

"Weka chini unyoya huo, mume wangu!" Bibi akapaza sauti. "Sikioni hakuingizwi unyoya. Hakuingizwi kijiti. Hakuingizwi njiti ya kibiriti."

"Hata kidole?"

"Kidole chako hicho? Kimetoka puani sasa hivi, nimekiona."

Bibi akakaa. Akaweka mdomo karibu na sikio la Tusekile, akasema kwa nguvu, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Daktari wa zahanati, yule mwenye sauti ya tarumbeta, alinieleza hivi. Sauti ikiingia sikioni inapita kijia, halafu inakuta ngoma. Ngozi yake nyembamba, nyembamba kama ngozi ya kitunguu."

"Nyuma ya ngoma kuna chumba. Kidogo! Harage moja likiingia, la pili halina pa kukaa."

"Nani anakaa humo?" Bupe akauliza.

"Ndugu watatu. Wote ni mifupa. Mwili mzima hakuna mifupa midogo kama hiyo. Wa kwanza Nyundo. Wa pili Fuawe."

"Fuawe ni nini?"

"Si kile chuma cha mhunzi, anacholaza jembe juu yake akaligonga? Basi, anafanana nacho. Na kitinda mimba ni Kikuku. Huyo anafanana na chuma anachotia mguu mpanda farasi. Mdogo kama chenga ya mchele."

Bibi akachukua mwiko, akagonga sufuria.

"Sauti inapiga ngoma: di!
Nyundo: ti! Fuawe: ti! Kikuku: ti!
Hodi, hodi, akilini!"

Watoto wakaitikia, wakigonga magoti:

"Di! Ti! Ti! Ti! Hodi, hodi, akilini!"

"Mbona wangu hawabishi hodi?" akauliza Tusekile.

"Chumba chao kinataka hewa. Hewa inapita kwenye mrija mwembamba, unaoshuka mpaka nyuma ya pua. Mafua yameuvimbisha, umefunga. Sasa ngoma imevutwa ndani, imekaza, haichezi."

"Kwa hiyo Nyundo amekaa tu?"

"Amekaa tu. Anamtazama Fuawe."

"Na Fuawe?"

"Anamtazama Kikuku."

"Na Kikuku?"

"Anauliza: jamani, leo hakuna kazi?"

Tusekile akacheka kidogo. Kisha akakumbuka maharage. "Nitaufunguaje mrija, Bibi?"

"Unafunguka ukimeza. Tena unafunguka ukipiga miayo."

Tusekile akameza mate. Glu! Kulia, ndi. Kushoto, ndi.

Akameza maji. Glu, glu, glu! Kulia, ndi. Kushoto, ndi. Tumbo tu ndilo lililojaa.

Gwakisa akachota harage, akalionja. "Limebaki gumu kidooogo."

Basi Tusekile akapiga miayo. Lakini alipiga kama mama yake alivyomfundisha. Midomo imefungwa, kiganja juu yake, sauti hakuna. Matundu ya pua tu ndiyo yaliyopanuka.

"Hiyo ni miayo, au unanusa maharage?" akauliza Bupe.

"Ni adabu!" akajibu Tusekile.

"Leo adabu iweke hapo kwenye kigoda," Bibi akasema. "Fungua mdomo wote mpaka nione kimeo!"

Tusekile akafungua mdomo. Aaa. Lakini miayo ikaitwa, haikuja.

"Haiji, Bibi!"

Bibi akasimama, akafunga kanga yake vizuri. "Mwiteni Babu."

Babu alikuwa mlangoni, kwenye kiti chake. Kwa miayo, Babu hakuwa na mpinzani. Siku moja alipiga miayo kanisani, kwaya nzima ikamfuata, wimbo ukaishia katikati.

"Mnaniitia kazi gani?" akauliza Babu.

"Kupiga miayo, mume wetu," akasema Bibi.

"Aa, hiyo naiweza."

Babu akavua kofia. Akalaza fimbo chini. Akanyoosha mikono mpaka ikagusa kuni za darini.

"Haaaaaaaa-wuuuuu!"

Ikampata Bupe. "Haaaaaa!"

Ikampata Gwakisa. "Haaaaaa!" Harage likamdondoka.

Ikampata mbwa mlangoni. "Haaa-ng!"

Hata Kishingo akafungua mdomo, akaufunga, akamtazama kila mtu kama si yeye.

"Nyie, msije mkaunguza... haaaa... maharage," akasema Bibi.

Ndipo ikamfikia Tusekile. Kidevu kikatetemeka. Taya ikashuka. Kiganja kikapanda kuziba mdomo kwa adabu. Bibi akakidaka njiani!

"HAAAAAAAAAAAA!"

Pwak! Kulia.

Pwak! Kushoto.

Hewa ikaingia chumbani, fuuu. Ngoma ikarudi mahali pake. Nyundo akaamka, akamwamsha Fuawe. Fuawe akamwamsha Kikuku.

Di! Ti! Ti! Ti! Hodi, hodi, akilini!

Tusekile akasikia mvua juu ya majani ya migomba. Akasikia moto. Akasikia mbwa akijikuna. Akasikia hata tumbo la Gwakisa likinguruma.

"Mbona mnapiga kelele hivyo?" akauliza.

"Hatujasema kitu!"

"Maharage yameiva!" Gwakisa akapiga kelele. "Zamu yan..."

"Kimya!" akasema Tusekile.

Wote wakanyamaza. Hata Bibi, ambaye hakuwahi kunyamazishwa na mtu jikoni kwake.

Tusekile akaweka yai sikioni. Akafumba macho.

Ngoma... di.
Nyundo, ti. Fuawe, ti. Kikuku, ti.
Hodi, hodi...

"Nimesikia," akanong'ona.

"Amesemaje?"

"Amesema... fyo."

"Fyo?" Gwakisa akashika mbavu. "Kifaranga gani anasema fyo? Ametoboka? Bibi, anadanganya tena!"

Tusekile akamnyooshea yai. "Sikiliza mwenyewe."

Gwakisa akaliweka sikioni. Kicheko kikaisha. Akalihamishia sikio la pili. Akamtazama Bibi, akamtazama Tusekile, akayatazama maharage.

Angeweza kusema hakusikia kitu. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka.

"Anasema fyo," akasema Gwakisa polepole. "Wake."

Bibi naye akasikiliza. Akatikisa kichwa. "Huyu naye ana mafua, masikini."

Wakacheka mpaka Kishingo akahama kona. Wakala maharage, yakiwa yameungua kidogo chini kwa sababu ya moto wa Gwakisa. Jioni ile Bibi alimpa Gwakisa yale ya chini.

Asubuhi yai lilikuwa na tundu. Kwenye tundu kulikuwa na mdomo mdogo wa njano. Tusekile akamwita Fyo.

Basi, nani alirithi nini?

Kifaranga wa Bupe alirithi shingo isiyo na manyoya.

Wa Gwakisa akawa jogoo, akarithi kelele za mwenyewe. Anawika saa nane mchana, watu wakiwa wamepumzika.

Fyo alirithi kile kiota nyuma ya gunia la mahindi. Akaangua tisa, na wote tisa ni wa Tusekile. Aliwasikia kabla ya mtu yeyote.

Na miayo ya Babu?

Hiyo imegawanywa kwa watu wengi. Nimemwona mmoja hapa hapa, sasa hivi. Usifiche! Na jirani yake. Na yule kule anayejikaza.

Na hata mimi... haaaaaaaa.