Wino Ndani ya Kola

"Kitendawili," alisema fundi viatu, hata kofia hajaivua.

"Tega," alijibu mama mwenye nyumba.

"Watu wangu hawana vichwa, hawana miguu. Upepo ukija, wote wanacheza."

Mama akacheka. "Shemeji, hicho umekitega tangu sina mvi. Jezi kwenye kamba."

Hivyo ndivyo Jumapili zilivyoanza katika nyumba ile. Fundi viatu alikuwa rafiki wa marehemu mume wa mama. Ujanani walicheza timu moja, mume akiwa nahodha, yeye winga wa kulia. Mume alipofariki, fundi hakuacha kuja. Alikunywa chai, akala mkate, wakategeana vitendawili. Mama akishindwa kutegua, ilibidi ampe mji. Fundi hakutaka mji. Alitaka apewe uwanja mzima, na magoli yake, na nyasi zikiwa zimekatwa.

Mama alikuwa mfuaji wa jezi za timu. Kazi hiyo aliianza akiwa mke mpya. Wakati ule jezi zililetwa zimefungwa ndani ya shuka, zina matope mpaka kwapani. Alizifua kwa mkono, kwenye mabeseni uani. Kamba zilivuka ua wote. Wachezaji walikuja kuchukua jezi, wakakaa, wakataniana, wakacheka mpaka majirani wakauliza kuna harusi gani. Siku hizi jezi zilifuliwa na mashine kubwa kule uwanjani. Mama alibonyeza kitufe, akasubiri. Mashine ilitakatisha vizuri, hakukataa. Lakini mashine haikumpigia soga.

Zamani jezi zilichanganyika ovyo. Kwa hiyo mama aliandika jina la mtu ndani ya kila kola, kwa wino mzito usiotoka kwa sabuni. Aliandika majina ya utani, kwa kuwa ndiyo aliyoyasikia. Beki mnene aliitwa Kabati. Fundi viatu aliitwa Masizi. Wazee wake walikuwa wamehamia pale kutoka mbali, na ngozi yake ilikuwa nyeusi kuliko ya wenzake wote. Timu ikambandika jina hilo, likaganda. Hata mtoto pekee wa mama alikua akimwita Baba Masizi.

Mtoto huyo sasa alikuwa kipa wa timu ileile. Fundi viatu ndiye aliyemfundisha kudaka, uani humohumo, chini ya jezi zinazodondosha maji. "Usiupige mpira makofi," alimwambia. "Upokee kama umepewa mtoto mchanga."

Basi Jumapili moja fundi viatu hakuja.

Mama aliandaa vikombe kama kawaida. Chai ikapoa. Alimwambia mwanawe kwamba labda ni mvua, na nje jua lilikuwa linawaka. Wote wawili walijua sababu.

Jana yake timu ilikuwa imefungwa bao dakika za mwisho. Aliyefunga alikuwa mshambuliaji wa timu ngeni, kijana mweusi kama fundi viatu. Baada ya mchezo waandishi wa habari wakamzunguka kipa. Alikuwa na hasira, jasho halijakauka. Walipomuuliza juu ya lile bao, akasema, "Watu wa rangi ile wamepewa mbio. Akili hawakupewa."

Akacheka, na waandishi wawili watatu wakacheka naye. Kabla jua halijazama maneno hayo yalikuwa kwenye kila simu. Timu ikamsimamisha, ikamwita mbele ya kamati ya nidhamu siku ya Jumatano. Kipa aliogopa kupoteza kazi. Mama aliogopa hilo pia, lakini macho yake hayakutoka kwenye kiti kitupu.

Alasiri ile jirani yao, mwanamke wa makamo, aliingia kurudisha vibanio vya nguo. Mtaa mzima ulimwita Refa. Alichezesha mechi za ligi miaka mingi, na sasa alikuwa anafundisha waamuzi vijana. Alizungumza kwa mkato, kama mtu mwenye filimbi mdomoni.

Kipa akaona afadhali apate ushauri. Akamsomea ujumbe aliouandika kwenye simu: "Kama kuna mtu aliyekwazika na maneno yangu, naomba radhi. Ulikuwa utani wa mpira."

"Hiyo 'kama' ni ya nini?" Refa akauliza. "Umesema au hukusema?"

"Nimesema. Lakini shangazi, mbona mbio nilimsifia?"

"Ulimsifia miguu ili umnyang'anye kichwa. Yule kijana alikusoma. Alisubiri uegemee kushoto, akaweka kulia. Hiyo ni akili, na anayeijua zaidi ni wewe, maana ndiyo iliyokulaza chini."

Kipa akainamisha uso. Refa akaketi, akaeleza polepole. Mchezaji ana ruhusa ya kukasirika. Anaweza kusema mwenzake alimsukuma, au alibahatisha tu. Lakini kipa hakumsema mchezaji mmoja. Alichukua rangi nzima, mpaka watoto ambao hawajagusa mpira, akawatia wote alama. Huo ndio ubaguzi wa rangi. Tena akitamka mchezaji maarufu, maneno hayaishii uwanjani. Kesho yake watoto shuleni wanayatumia.

Hapo mama akaingilia. Alisema watu wa siku hizi wamekuwa wepesi kuumia. Zamani palepale uani walitaniana rangi, vimo, hata pua, na hakuna aliyenuna. Masizi mwenyewe alicheka kuliko wote.

"Dada, na leo yuko wapi?" Refa akauliza.

Mama akakiondoa mezani kikombe ambacho hakikuguswa.

"Uliwahi kumuuliza kama anaumia?"

"Nimuulize nini, mdogo wangu, mtu anacheka?"

"Mimi pia nilicheka sana, dada. Wanaume walinipigia kelele nirudi jikoni, nikacheka, ili mechi iishe nitoke salama." Refa akaweka vibanio mezani, akaaga.

Jumatatu mama alifungua sanduku la nguo za zamani. Ndani mlikuwa na jezi chache za wakati wa mumewe, alizopewa timu ilipobadilisha rangi. Alizinusa moja moja. Akaitoa ya fundi viatu. Alitaka kumpelekea kama zawadi, imkumbushe siku njema, naye amsamehe kijana. Aliikunja vizuri, akaenda nayo.

Kibanda cha fundi kilinuka gundi na ngozi. Alikuwa ameinamia kiatu cha shule, misumari midogo ikiwa mdomoni. Akaitema kiganjani, akasema, "Karibu, mama."

Hakusema shemeji. Alimkaribisha kama mteja yeyote aliyekuja na kisigino kilichong'oka.

Akamkabidhi ile jezi. Akasema maneno aliyoyapanga njiani, kwamba kijana ni mtoto wake pia, kwamba ulimi uliteleza, kwamba wao wametoka mbali. Fundi alisikiliza. Kisha akapapasa kola ya jezi kwa kidole gumba.

"Kitendawili," akasema.

Mama akashukuru moyoni. Alidhani mambo yamekwisha. "Tega."

"Nimevishwa vazi, sikupimwa. Wote wanasema limenikaa. Mimi linaniwasha tangu ujana."

Mama alifikiri. Alijaribu viatu, alijaribu pete, alijaribu ndevu. Fundi alitikisa kichwa.

"Basi nakupa uwanja mzima," mama akasema.

"Leo siutaki." Akaigeuza jezi, akamwonyesha kola kwa ndani. Kitambaa kilikuwa kimelika mpaka kuonyesha upande wa pili. Juu ya uzi uliochoka kulikuwa na wino mweusi, herufi juu ya herufi. "Unakumbuka nilikuwa naiondoa jezi yangu kambani mwenyewe, nasema nitaimalizia nyumbani?"

"Nakumbuka. Tulisema una usafi wa kupita kiasi."

"Nilikuwa naisugua hapa. Kwa brashi ya viatu. Wino ukififia kidogo, wewe unaandika tena."

Mama akakumbuka. Alikuwa akiulaumu wino. Kila mara alimwambia mumewe kwamba wino wa duka lile haufai, unashika kwenye kola zote isipokuwa moja. Alikaza mkono, akaandika kwa herufi nene zaidi, akidhani anafanya kazi nzuri.

"Kwa nini hukuniambia, shemeji?"

"Ningekwambia nini? Mtu asiyejua utani alikaa benchi. Mimi nilitaka kucheza." Akailaza jezi magotini. "Na mumeo aliniita hivyo mpaka siku ya mwisho, nimeshika mkono wake kitandani. Alinipenda. Hilo ndilo gumu. Mapenzi yalikuwa ya kweli, na jina liliwasha."

"Na kijana wangu?"

Fundi alitazama mikono yake, nyeusi, yenye gundi kwenye kucha. "Aliposema rangi ile, niliitazama mikono hii. Ndiyo iliyomfundisha kudaka."

Mama alirudi nyumbani na jezi kifuani. Alimkuta mwanawe anapanga la kusema mbele ya kamati. Akamwekea jezi mapajani, akamwonyesha kola, akamweleza yote. Kipa alisema kwanza kwamba yeye alimsema mgeni, hakumsema Baba Masizi. Jina lilipomtoka akalisikia. Akaziba mdomo kwa kiganja. Kwa mkono wa pili akapapasa pale kitambaa kilipolika.

"Nilidhani hilo ndilo jina lake," akasema.

Ujumbe wa kwenye simu akaufuta. Refa aliitwa. Hakumtungia maneno, alimwongoza tu. Alimwambia radhi inaanza kwa mtu aliyeumizwa, kabla ya kamera. Taja ulilosema. Sema ni kosa. Usilaumu hasira wala utani. Usimwombe akusamehe papo hapo, maana kusamehe ni kwake yeye, kwa wakati wake. Kisha pokea adhabu bila kuvutana.

Jioni ileile kipa alikwenda kwa fundi viatu peke yake. Mama hakujua walisemezana nini. Alijua tu kwamba mwanawe alirudi amevimba macho. Kesho yake alisafiri mpaka mji wa ile timu ngeni, akamkuta mshambuliaji anatoka mazoezini. Alisema kosa lake kwa ufupi, bila "kama". Kijana yule alimsikiliza amesimama.

"Mdogo wangu wa kike aliisikia hiyo habari darasani," alisema. "Wenzake walimwambia akimbie, asisome. Radhi yako nimeisikia. Nitaangalia utakavyofanya."

Hakumpa mkono. Kipa alimwambia ana haki.

Kamati ilimfungia michezo mingi, ikampiga faini, ikamtaka ahudhurie mafunzo juu ya ubaguzi. Hakukata rufaa. Miezi ile alikwenda na Refa katika shule za mtaa. Aliwaambia watoto alichosema, na kwa nini ni uongo. Aliwafundisha pia la kufanya: mwenzako akitukanwa kwa rangi yake, usicheke. Simama upande wake. Mwambie mwalimu, kocha au mwamuzi. Aliyetukanwa asiachiwe kazi ya kujitetea peke yake.

Aliporudi langoni, mtihani ulimngoja. Mashabiki wa timu yake, nyuma ya goli lake, walianza kumpigia winga wa timu ngeni sauti za kuiga wanyama kwa sababu ya rangi yake. Timu ya kipa ilikuwa inaongoza. Angeweza kujifanya kiziwi. Aliuweka mpira chini, akatembea mpaka kwa mwamuzi, akamweleza anachosikia na kinatoka wapi. Mwamuzi akasimamisha mchezo. Tangazo likasomwa kwamba kelele zikiendelea, timu zitatoka uwanjani. Wachezaji wa timu zote mbili wakasimama pamoja na yule winga. Walinzi wakawatoa wapiga kelele wachache. Wengine wakanyamaza, na mpira ukaendelea.

Jumapili iliyofuata mlango uligongwa. Fundi viatu aliingia, akavua kofia.

Mama alisimama. Akamwita kwa jina alilopewa na mama yake mzazi. Ulimi wake ulikuwa haujalizoea, akalitamka taratibu, kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga mawe. Fundi alichelewa kuitika. Hakuwa amezoea kusikia jina hilo kwenye nyumba ile.

"Naam, shemeji," akasema.

"Kitendawili chako nimekitegua. Ni jina."

"Umechelewa," akasema. "Lakini uwanja nakurudishia."

Mwisho wa msimu timu iliwaalika wachezaji wa zamani kucheza kidogo kabla ya mechi kubwa. Matumbo yalitangulia, mpira ukafuata nyuma. Jezi zilikuwa mpya. Kabla ya mchezo mama alizipitia zote kwa wino wake mzito, na mara hii alimuuliza kila mtu kwanza anataka aandikwe nini. Kabati alisema yeye ni Kabati, asibadilishiwe. Fundi viatu alilitaja jina lake kamili. Akasimama begani kwa mama mpaka herufi ya mwisho ikakauka.

Baada ya mchezo mama alikataa mashine. Alizifua jezi zile uani kwa mkono, kama zamani, akazianika kamba nzima. Wazee wakaja, wakakaa, wakacheka, wakatafuta mengine ya kutaniana, na hawakukosa. Jua lilipopungua, kila mtu akaanza kuaga.

Fundi viatu alichukua kofia yake. Alipita chini ya kamba, akaigusa kola ya jezi yake, akaona bado ina unyevu. Akaenda zake, akaiacha pale pamoja na nyingine.